Mama Rudisha na Makopo Mawili ya Mwalimu

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mfamasia wa duka la dawa lililo mkabala na zahanati. Wengi mlimwita Mama Rudisha. Alituaga Jumanne asubuhi, akiwa na miaka sitini na moja. Mama Rudisha, mfamasia, miaka thelathini nyuma ya kaunta ileile.

Sitawadanganya. Mama huyu alikuwa anaudhi. Niliwahi kwenda kwake koo linawasha, nikaomba vidonge vitatu tu vya antibayotiki. Vitatu! Akanitazama juu ya miwani mpaka foleni nzima ikanyamaza. "Wewe unayesikika redioni," akasema, "unataka kuwachokoza wadudu kisha uwakimbie?" Nikatoka mikono mitupu, nimenuna. Koo likapona lenyewe, jambo lililoniudhi zaidi.

Na hilo jina? Cheti cha daktari kikiwa hakisomeki, hauzi. "Rudisha akaandike upya." Mgonjwa anasonya, daktari anang'aka, yeye mwenyewe anachemka. Mume wake, fundi saa, ameniambia hivi: "Viatu vyake vikigonga sana mlangoni, najua kuna mtu kaandika kama anayekimbizwa. Namuuliza, 'Leo nani tena?' Ananijibu, 'Haohao, mume wangu. Haohao!'"

Sasa nisikilizeni. Miaka minane iliyopita, mwalimu mmoja mstaafu, aliyefundisha nusu ya mtaa wetu, alianza kuanguka ovyo. Kizunguzungu. Nyumbani wakasema ni uzee. Siku moja akaja dukani na plasta kwenye paji la uso, mkononi ana cheti cha dawa ya presha kutoka zahanati.

"Unatumia dawa gani nyingine, Mwalimu?"

"Hizihizi tu, mwanangu."

"Hizihizi zipi? Nenda kaniletee zote. Hata za kabatini."

Mwalimu akarudi na mfuko, akaumwaga juu ya kaunta. Kopo moja lilitoka kwa daktari bingwa wa hospitali kubwa. Kopo la pili lilitoka zahanati. Majina mawili, rangi mbili, dawa moja. Narudia, wasikilizaji: majina mawili, dawa moja. Kwa miezi miwili mzee wa watu alikuwa anameza dozi mara mbili kila asubuhi. Presha ikishuka, na yeye anashuka nayo.

Mama Rudisha akampigia bingwa. Karani wake akamwambia aandike barua. Akampigia daktari wa zahanati, aliyekuwa hatua arobaini tu kutoka dukani. "Mama, kazi yako ni kutoa dawa. Toa dawa!" Simu ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa tena.

Basi akafunga duka mchana kweupe, akavuka barabara, akachukua namba kama mgonjwa. Namba kumi na saba. Akakaa kwenye benchi na koti lake jeupe, makopo mawili mapajani, watu wakikohoa kushoto na kulia. Saa mbili nzima. Alipoingia, daktari hakuinua hata kichwa.

"Unaumwa na nini?"

"Naumwa na cheti chako."

Makelele yalifika hadi chumba cha sindano. Daktari alilalamika kwamba anadhalilishwa mbele ya wagonjwa wake. Kisha akayaangalia makopo. Akaifuta dawa yake kwenye faili la Mwalimu.

Mnadhani alisema asante? Thubutu! Kwa miezi mitano aliwaelekeza wagonjwa wakachukue dawa duka la mbali. Binti wa marehemu anakumbuka: "Nilimwambia, 'Mama, si umwombe msamaha yaishe?' Akanijibu, 'Msamaha wa nini? Mwalimu anatembea.'"

Na kweli alikuwa anatembea. Hakuanguka tena.

Mwezi wa sita daktari akaingia dukani mwenyewe, na vyeti vitano vilivyoandikwa na madaktari watatu. Vilikuwa vya mama yake mzazi. "Nisomee wewe," akasema. "Mimi nikivitazama naona mama tu." Mama Rudisha alivisoma kwa saa nzima, akamchosha kwa maswali. Mwishowe akasema, "Viko sawa. Kidonge cha jioni asimeze na njaa." Tangu siku hiyo daktari alianza kumpigia kabla ya kuandika. Waligombana kila siku, lakini waligombana wakiwa na cheti kimoja mbele yao.

Hata alipolazwa kwa figo hakubadilika. Binti yake anasema kila kidonge alimwuliza muuguzi ni cha nini. "Nikamwambia, 'Mama, pumzika.' Akasema, 'Nitapumzika akishanijibu.'"

Mazikoni daktari alisimama. Kisha akasema: "Nikiona namba yake kwenye simu nilikuwa nasema, jamani, ameanza. Wiki hii nimeandika vyeti zaidi ya mia. Hakuna aliyenipigia. Ninaogopa."

Kwa fundi saa, kwa binti yake na kwa familia yote, poleni sana. Msiba huu ni wetu pia, sisi tuliomnunia na tukapona.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, nawaachia jambo moja la kutafakari. Mfamasia wako akikuuliza swali la nne na wewe una haraka, usisonye. Mjibu. Kisha na wewe mwulize la tano.