Mama Povu na Mashine ya Kufulia

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka dobi mmoja aliyetutoka wiki iliyopita. Wateja wake walimwita Mama Povu, na kwa kuwa mwenyewe alilipenda jina hilo, nasi tutalitumia bila woga.

Mama Povu alifua kwa mkono. Narudia, kwa mkono. Mashuka ya nyumba za wageni, makoti ya madaktari, sare za shule, vyote vilipita kwenye beseni lake. Wenzake wakiwa bado wanapiga miayo, kamba yake ilikuwa imeshajaa. Ukimwambia apumzike, alikutazama kana kwamba umemtukana.

Uzee ukamwanzia mgongoni. Ikafika mahali hasimami bila kushika ukuta. Binti yake, waliyeendesha naye duka la dobi, akajibana akanunua mashine ya kufulia. Maskini, alidhani amemtua mama mzigo.

Mama aliizunguka mashine, akaigusa kwa kidole.

"Inafua yenyewe?"

"Yenyewe, mama. Wewe unabonyeza tu, unakaa."

"Nakaa nafanya nini?"

Binti akacheka, akaiwasha mashine.

Basi nguo zikawa zinatoka safi ajabu, lakini mgongo wa mama ukazidi kuuma. Binti haelewi. Asubuhi moja akawahi dukani, akamkuta mama nyuma ya mlango, ameinamia beseni, anasugua kola za mashati. Wasikilizaji, alikuwa anazifua kwanza kwa mkono, ndipo anazitia kwenye mashine.

"Mama, sasa mashine inafua nini?"

"Niingize humo nguo chafu namna hii? Nitaonekanaje?"

Walicheka mpaka mama akashika kiuno. Kisha kicheko kikamkauka. "Mwanangu, nisipofua, mimi ni nani hapa?"

"Ni mama yangu," binti akasema, akamvutia kiti. "Kaa."

Akakaa, lakini nusu nusu, kama mgeni anayetaka kuaga. Mashine ikinguruma, anainuka. Ikinyamaza, anainuka tena. Pole pole akazoea. Akaanza kusimulia jinsi alivyompata baba wa watoto wake, na jinsi alivyotamani kuwa mwimbaji wa bendi. Binti naye akamwambia habari za jinsi mchumba wake alivyomkataa, ambazo hakuwahi kumwambia mtu. Wateja walikuja kuchukua nguo wakanogewa, wakasahau kuondoka.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa hivyo, na ilikuwa miaka mizuri.

Tulimtembelea binti baada ya mazishi. Alikuwa anakunja mashuka, macho yamemvimba, lakini anatabasamu. Akatuambia, "Watu wanamsifu mama kwa kuchapa kazi, na ni kweli, kazi ile ndiyo iliyotulea. Ila utoto wangu wote niliujua mgongo wake tu. Mashine ilipokuja, ndipo nikaujua uso."

Kwa binti huyo, ndugu zake na wajukuu, tunawapa pole kutoka moyoni. Mlikuwa na mama kweli kweli.

Nasi tuliobaki tujiulize. Wazazi wetu walifanya kazi mpaka viungo vikalalamika. Sisi tunabonyeza kitufe, halafu tunasema hatuna nafasi. Muda tuliookoa tumempa nani? Kama mama yako yupo chumba cha pili sasa hivi, zima redio, nenda ukakae naye. Hatutakasirika.