Vyumba Visivyo na Mlinzi

Ndugu zangu, jina la Bwana liinuliwe, hata na wewe unayeniangalia kwa jicho la pembeni. Najua uko unajiuliza, huyu Mkongomani amekuja kusema nini. Sikukasirikii. Miaka hii ya vita kila mtu anamchunguza mwenzake, hata mi niko nawachunguza ninyi.

Naitwa Zawadi, wa Uvira. Nilikimbilia hapa Gitega, Mungu akanipa kazi katika ofisi inayopeleka dawa na mbegu Muyinga. Kazi yangu ni kutunza programu inayofunguka kwenye internet. Humo tunaandika gari lipi linatoka, siku gani, linapita barabara gani. Waliokuwa na mot de passe, neno la siri la kuingilia, ni watatu tu: Chef wetu, mkubwa wa ofisi, mimi, na Hamza wa ofisi ya Muyinga, mtoto wa familia ya Kiislamu ya mjini kule.

Ndugu zangu, magari yakaanza kutekwa. Gari likiandikwa kupita Karuzi, wanalingoja Karuzi. Likiandikwa kupita Mutaho, wako Mutaho. Dereva mmoja alirudi na risasi mguuni. Ofisini chai ikawa inanywewa kwa kunong'onezana. Nikiingia, maneno yanakatika.

Chef akaniita. Akasema, "Zawadi, wewe ni mgeni, na mashine unazijua kutushinda sote. Gari la kurudi kutoka Muyinga, utapanda mwenyewe. Likitekwa tena, nitawaachia watu wa usalama wakuchukue."

Mnajua walioachiwa watu wa usalama wanarudi vipi. Nilikuwa na mtoto anayenyonya. Nilimwacha kwa jirani, nikamwomba Mungu ombi moja tu: Bwana, nionyeshe adui yangu. Na moyoni nilishamjua. Chef ni mwenyeji wa hapa, mi najijua sijauza kitu. Nani amebaki? Hamza. Nikapanda msafara wa kwenda Muyinga kumchunguza.

Nilimkuta cybercafé, kule watu wanakolipia mashine za internet, maana ofisi yao haina laini. Akanipokea vizuri mno, akaniletea Fanta. Nikasema moyoni, muuaji haendi na pembe kichwani. Nikakaa nyuma ya bega lake nikitazama vidole. Akaandika anwani moja ndefu, akabonyeza, na palepale ikafunguka orodha ya magari. Gari letu la kesho lilikuwepo, na barabara ya Karuzi imeandikwa kama Chef alivyoagiza.

Nikamuuliza, "Hamza, mot de passe umeandika saa ngapi?"

Akacheka. "Mot de passe ya nini, dada? Ule ukurasa wa mbele wa kuiuliza iko na mapicha, hapa laini inakatika kabla haijafunguka. Mi napitaka moja kwa moja. Iko inafunguka tu."

Kwanza nikadhani ananichezea. Nikahamia mashine nyingine, nikaandika anwani ileile. Ikafunguka. Nikamwomba mama mwenye cybercafé ajaribu na yeye, hajui hata jina la ofisi yetu. Ikafunguka.

Niwaeleze, maana wengi hapa hamjashika mashine. Programu yetu imejengwa juu ya kiunzi, kama nyumba ambayo fundi mwingine ameshasimamisha miti na paa, wewe unakandika udongo na kugawa vyumba. Kiunzi kinakuja na mlinzi wake wa kuuliza mot de passe, lakini anasimama pale tu unapomweka. Yule aliyetujengea, mtu wa kujitolea aliyeondoka vita vilipozidi, alimweka langoni tu. Vyumba vya ndani havikuwa na mlinzi. Na sisi huku Gitega, watu tuliolelewa kupiga hodi mlangoni, hakuna aliyewahi kufikiria kuingia kwa njia nyingine. Mtu yeyote aliyekaa kwenye mashine ya cybercafé baada ya Hamza, anwani aliikuta pale, amebakishiwa.

Nilitaka kumweka mlinzi kwenye kila chumba saa ileile. Hamza akanishika mkono. "Dada, usifunge leo. Watekaji wameshasoma Karuzi. Acha wabaki na Karuzi yao, sisi tupite Gasorwe, tushukie Ngozi na Mutaho. Tusimwambie mtu, hata dereva mpaka tuwashe gari."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipopimwa. Kama Hamza ndiye, basi Gasorwe ndiko wanakoningoja. Nilimtazama usoni mpaka akaangalia chini. Niliomba pale kwenye kiti cha plastiki, macho wazi, nikiogopa hata kuyafumba. Sikusikia sauti. Sitawadanganya kwamba nilisikia sauti.

Asubuhi gari likawashwa. Mi nilisimama chini, sipandi. Hamza hakuwa na safari. Kazi yake ni kubaki Muyinga. Akaja, akafungua mlango wa gari, akapanda yeye kwanza. Akasogea katikati, akasema, "Twende basi, mtoto ananyonya nini huko?"

Nikapanda.

Tulipita Gasorwe, watu wanaenda sokoni na mihogo kichwani. Tukapita Ngozi. Mutaho nikaanza kulia, dereva akadhani naumwa. Tulipofika Gitega tukaambiwa lori la bia limerudi mbio kutoka barabara ya Karuzi. Miti ilikuwa imelazwa barabarani, na watu wenye bunduki wanauliza gari la dawa liko wapi.

Ahsante Yesu!

Siku ileile vyumba vyote vilipata mlinzi, na tangu hapo gari halijatekwa. Chef akaniuliza, basi aliyetuuza ni nani? Nikamwambia, mlango ulikuwa wazi, Chef. Nani aliyechungulia, mpaka leo sijui. Anaweza kuwa mbali, anaweza kuwa amekaa humu. Lakini namshukuru Mungu: nilimwomba anionyeshe adui, na yule niliyemnyooshea kidole ndiye aliyenirudisha kwa mwanangu.

Kwa hiyo wewe ambaye una jina la mtu kinywani, tayari kulipeleka kwa wakubwa, nakusihi, mtegemee Bwana, na uende kwanza ukajaribu mlango.

Nimalizie. Nilipokuwa naingia, nimemsikia mama mmoja akinong'ona: yule Mwislamu aliyekaa kwenye pikipiki pale nje anatafuta nini kanisani kwetu? Mama, ni Hamza. Amenileta, ananingoja. Mkitoka, mpeni mkono.