Dada Aliyeziambia Seli Zinyamaze

Marehemu dada yetu alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa pili kati ya watano wa baba dereva wa lori na mama mpishi wa shule. Mimi ninayesoma ni mdogo wake. Ndiye aliyeniachia ziwa, na Mama husema hata hilo aliliacha kwa maswali mengi. Aliniomba mwenyewe niandike wasifu huu, akanionya nisimpambe. Nimejitahidi.

Alianza shule ya msingi Januari 1973, kisha akaenda sekondari ya bweni. Siku moja mwalimu alikuwa akifundisha kwamba kila seli hutengeneza protini kwa kufuata maelekezo yaliyomo ndani yake. Dada akanyoosha mkono. "Mwalimu, na kama maelekezo ni mabovu, hakuna namna ya kuiambia seli inyamaze?" Mwalimu akamjibu, "Kaa chini, unyamaze wewe kwanza." Kukaa alikaa. Kunyamaza hakunyamaza. Alipata shahada ya kemia mwaka 1990 na ya uzamili mwaka 1993.

Juni 1994 aliajiriwa katika maabara ya utafiti, chumba namba tisa, ghorofa ya pili, akadumu humo miaka ishirini na tisa. Wengi mmeniuliza alikuwa akifanya nini hasa. Nitaeleza kama alivyomweleza Mama. Ndani ya seli kuna jiko. Maelekezo ya mapishi hunakiliwa kwenye uzi mwembamba, uzi unapelekwa jikoni, protini inapikwa. Maelekezo yakiwa mabaya, kinachopikwa huleta maradhi. Dada alitengeneza vipande vifupi vya asidi nukleiki, kemikali ya aina ileile ya uzi huo, vinavyonata juu ya ile nakala ili jiko lisiweze kuisoma. Vipande vya kawaida seli huvitafuna mara moja, kwa hiyo alivibadilisha kidogo kikemia visitafunike. Kisha akaviwekea kifuniko kinachofunguka kikimulikwa na mwanga wa zambarau, ili dawa ifanye kazi pale tu palipomulikwa na isiguse seli zenye afya.

"Kwa hiyo unaziambia zinyamaze?" Mama aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe nani atakuambia?"

Alikuwa na haja moja tu. Alitaka kuona sahani ya seli zinazopika protini ing'aayo kijani, aimulike nusu, nusu hiyo izimike, na nusu ya pili iendelee kung'aa. Alijaribu kwa miaka ishirini na mitano. Mara sahani nzima ilizimika, mara iling'aa yote kama haijaambiwa kitu.

Kazi hiyo ilifanywa gizani, kwa taa nyekundu isiyofungua vifuniko. Tarehe 9 Oktoba 1998 alikuja fundi umeme kukagua nyaya. Alifungua mlango, akasema, "Jamani, mtaharibu macho!" akawasha taa zote. Vifuniko vya kazi ya miezi saba vikafunguka kwa pamoja. Dada alimtimua kwa maneno ambayo siwezi kuyasoma hapa mbele ya wazazi. Kesho yake fundi alirudi kuomba radhi, amebeba balbu nyekundu sita. Akarudi Ijumaa iliyofuata, na nyingine, na nyingine, mpaka Dada akamwambia, "Kama ni radhi, nimeshakupa. Kama ni jambo jingine, sema, nina kazi." Akasema. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1999, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume.

Nyumbani kila kilichoingia kwenye friji kilibandikwa karatasi ya tarehe na saa. Binti yao alipozaliwa, shemeji alikuta karatasi kama hiyo kwenye kitanda cha mtoto.

"Ni ili tusichanganye," Dada alieleza.

"Tuchanganye na nani? Si yuko mmoja!"

Februari mwaka huu wa 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Daktari alimpa habari taratibu, kwa huruma. Yeye akaomba aonyeshwe seli zenyewe kwenye darubini. Aliendelea kwenda kazini mpaka miguu ilipokataa. Siku moja aliniambia, "Kufa sikuogopi. Naogopa kufa sijaiona ile nusu sahani." Nililia sana. Akaniambia nisimlowanishie daftari.

Alilazwa tarehe 16 Oktoba. Kazi ilibaki kwa mwenzake wa maabara, ambaye sisi tunamwita Darubini kwa ukubwa wa miwani yake. Alhamisi, tarehe 2 Novemba, Darubini aliingia wodini mbio, koti la maabara bado mwilini, picha mkononi. Nusu ya sahani kijani, nusu giza. Shemeji alianza kulia kabla hajaelezwa chochote. Dada aliomba miwani yake, akaitazama picha pembe hadi pembe.

"Mpaka haujanyooka," akasema. "Mwanga umevuja. Rudia."

"Lakini Dada, imefanikiwa!" Darubini alilalamika.

"Imefanikiwa ovyo. Rudia."

Darubini alirudi maabara siku hiyohiyo. Ila mimi nilikuwa nimekaa karibu na kitanda. Muuguzi alipotaka kuiweka picha mezani, Dada hakuiachia. Alilala nayo kifuani. Alifurahi, nami nashukuru kwamba niliona. Alitutoka Jumapili, tarehe 5 Novemba, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mama mzazi, mume, watoto wawili, ndugu wanne, na sahani thelathini za seli zinazopaswa kulishwa kila baada ya siku mbili. Mkimwona Darubini anaondoka kabla ya chakula, msimdhanie vibaya.

Juzi Jumatatu aliniletea picha ya jaribio lililorudiwa. Tumeichapisha ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Kuhusu seli sijui lolote, lakini nimekuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini, na mstari ulionyooka naujua.

Umenyooka, Dada. Basi sasa pumzika kwa amani.