Rosalia Ziro, Mhandisi wa Kilimo wa Mjambere

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Nimerudi jana kutoka mazishini na sauti yangu bado haijakaa sawa, mnivumilie. Tumemzika Rosalia Ziro. Rosalia Ziro wa Mjambere, mhandisi wa kilimo. Ametutoka akiwa na miaka thelathini na minne.

Alisomea uhandisi wa kilimo chuo kikuu, miaka mitano. Barua ya chuo ilipofika, mama yake, Bi Sarah, alishangaa. Aliniambia mwenyewe: "Nilimuuliza, mwanangu, jembe si hili hapa nyumbani? La kwenda kusomea ni nini?" Rosalia akacheka. Akamweleza habari za mifereji, pampu, na maghala ambamo mahindi hayaozi. Mama akamwacha aende.

Alihitimu. Kazi hakupata. Ofisi moja ilimwambia inataka mhandisi wa barabara. Nyingine ikamwambia kilimo hakihitaji wahandisi, kinahitaji mvua. Akaishia kibarua katika kiwanda cha unga kule Changamwe, akishona midomo ya magunia. Siku moja mashine ilikwama, akaitengeneza. Msimamizi akamwambia arudi kwenye magunia yake, fundi ataitwa.

Miaka tisa, wasikilizaji wapendwa. Miaka tisa alingoja.

Siku zake za mapumziko alivuka kwa feri kwenda Timbwani kwa rafiki yake Quinter, muuza kachri za muhogo, vile vipande vyembamba vya kukaanga. Quinter alikuwa akikata muhogo kwa kisu, vidole vimejaa makovu. Rosalia akamuundia mashine ya kukanyaga kwa mguu. Ya kwanza ilivunjavunja mihogo, akina mama wakamcheka mpaka machozi. Ya pili ikakwama. Ya tatu ikakata vipande vyembamba, sawasawa.

"Alikaa chini, pale pale kwenye maganda, akalia," anasimulia Quinter. "Nikamwambia, dada, wewe ni injinia kweli. Akanijibu, 'Nenda ukawaambie na hao wenye kazi.'"

Mwaka jana, mwezi wa tisa, akaitwa. Mradi wa kumwagilia mashamba, mbali na hapa Mombasa, ulimtaka asimamie mifereji. Akampigia mama yake simu akipiga kelele za furaha: "Mama, leo maji yamefika shamba la mwisho!"

Kazi hiyo, kazi aliyoisomea, aliifanya miezi saba. Miezi saba tu. Miguu ilianza kuvimba. Mama alipomuuliza, alisema ni uchovu, atapumzika kazi ikitulia. Kumbe ni figo. Alirudi Mjambere, akapelekwa moja kwa moja hospitali. Wiki tatu, ikawa basi.

Matangani, mdogo wake, Lynnette, alinionyesha barua yake ya chuo kikuu. Uhandisi wa kilimo. Bi Sarah alikuwa ameketi kando yetu. Akaniuliza taratibu: "Wewe mtu wa redio, unazungumza na watu wengi. Nimruhusu?"

Nikamwahidi kwamba nitalileta swali lake kwenu.

Bi Sarah, Lynnette, na jamaa wote wa Mjambere, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nasi tuliobaki, hasa ninyi mnaoajiri, hebu tulitafakari swali la mama huyu, tena tulitafakari upesi. Lynnette anatakiwa chuoni Jumatatu.