Tera Kumi na Sita za Masika

Kijiwe chetu kiko Wesha, njia ya kushukia bandarini, ubavuni mwa duka la vipuri lililofungwa tangu mwenyewe alipohamia Tanga. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, na Hija, muuza kahawa, huja na dele lake baada ya Alasiri. Wakaaji ni wale wale. Yupo Ishak, tumemwita Manifesti, kwa sababu alifanya kazi bandari ya Mkoani miaka ishirini na mbili na hakuna kitu duniani ambacho hadai kilipita mikononi mwake. Yupo Nyange, fundi wa redio na simu, jina lake Fundi Bado; muulize simu yangu vipi, atakwambia bado. Na yupo Masika, mpiga video za harusi, hapa Wesha mpaka Chake. Mimi hukaa pembeni, nikanywa na kusikiliza. Haya nitakayoyasema nimeyaona, na sehemu ya dhambi yake ni yangu.

Ilianza siku Zubeir alipopita. Zubeir naye hupiga harusi. Alitoka Mgogoni miaka miwili iliyopita, akaja na kamera yake na droni yake, na watu wakaanza kumwita yeye. Siku hiyo aliegesha vespa, akatoa salamu, akachomoa mfukoni kidude kidogo kama kiberiti.

— Diski yangu mpya hii, — akasema. — Tera mbili. Harusi zote za mwaka zimo.

Akanywa kikombe kimoja, akaaga. Hata kona hajaikata, Masika akaanza.

— Mmeona? Kaitoa kama ntu atoaye tasbihi.

— Kutuonesha tu, — akasema Nyange. — Ntu mwenye chake hukiweka ndani.

— Na mlango kaupaka rangi, — akaongeza Ishak.

— Mlango unahusu nini, yakhe?

— Nnasema tu. Leo rangi, kesho diski. Huanzia hivyo hivyo.

Kompyuta ya nyumbani kwa Masika ilikuwa imejaa pomoni. Harusi za miaka kumi na miwili zimo humo, na kila akitaka kufungua moja mashine huganda, feni ikalia kama mgonjwa wa pumu. Miezi mitatu alikuwa akituuliza anunue diski gani ya nje. Siku ile hakuuliza tena ipi nzuri. Aliuliza ipi kubwa kuliko ya Zubeir.

Nyange akajinyoosha.

— Zipo namna mbili. Ipo ya kuzunguka, ndani ina sahani kama santuri na sindano yake. Bei yake nafuu, lakini ukiiangusha umezika. Na ipo isiyozunguka, kama ya yule. Ghali hiyo, ndani hakuna kinachotembea.

— Kitu kisichotembea kitafanyaje kazi? — akauliza Ishak. — Hata saa ina mishale. Mie Mkoani nimeshusha diski, boksi moja watu wawili. Data ina uzito, bwana. Harusi ya wageni mia nne, utanambia haina uzito?

— Basi ile yake tupu! — akasema Masika, na uso ukamchanua.

— Tupu, — akajibu Ishak. — Kwani harusi zake huzijui? Droni inapiga minazi, bibi harusi humuoni.

— Tena ile hutoa joto, — akasema Nyange. — Kaitia mfukoni, karibu na figo. Huyo mtoto wa pili hapati.

— Astaghfirullah, — akasema Hija, akamimina.

— Mie naogopa chumvi, — Ishak akaendelea. — Hewa ya Wesha, diski ndogo inaliwa wiki moja. Kubwa huchukua miaka kuliwa. Ndio wahenga wakasema, mficha uchi hazai.

— Hiyo imeingiaje hapo?

— Itaingia. Ngoja.

Hapo ndipo ninapoingia mimi. Nilikuwa nikipekua simu, nikaliona tangazo: diski ya nje, tera kumi na sita, bei chini ya nusu ya ile ya Zubeir. Nikamwonesha Masika. Alilisoma mara tatu.

— Kumi na sita! Mara nane yake!

— Vipi kumi na sita iwe rahisi kuliko mbili? — akauliza Hija.

— Mali ya jumla, — akajibu Ishak. — Mwenda pole hajikwai.

Nilimtazama Nyange, maana yeye ndiye fundi. Alikuwa anapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

Masika akaiagiza pale pale. Mzigo ulifika Mkoani baada ya siku kumi na moja na Ishak akaufuata mwenyewe. Ilikuwa diski nyeusi, nzito, inang'ara. Masika aliiweka juu ya ubao, akakaa akimsubiri Zubeir apite, na Zubeir akapita.

— Kumi na sita, — Masika akasema, kama aliyeulizwa.

Zubeir akaichukua, akaigeuza geuza.

— Mashaallah. Lakini umeijaribu, kaka Masika? Itie vitu kwanza, uvifungue uone. Usifute kitu kwenye kompyuta.

— Ahsante, — Masika akasema, akampokonya.

Vespa ilipoondoka akatugeukia.

— Mmekisikia kijicho hicho?

Sote tukasema tumekisikia.

Jumamosi Masika alihamisha harusi zote, mia tatu na kitu. Aliyaona majina yamejipanga kwenye diski, akaridhika, akafuta kila kitu kwenye kompyuta, akaizima ipumzike. Jumanne alikuja kijiweni bila salamu. Alikuwa amekwenda kwa mteja, akachomeka diski kwenye kompyuta ya pale, na majina yote yapo, lakini hakuna lililofunguka.

Nyange akatoa bisibisi. Alilibanjua gamba pale pale juu ya ubao. Ndani mlikuwa na kadi ndogo ya kumbukumbu, kama hizi za simu, imebandikwa kwa gundi. Pembeni yake nati mbili za chuma, za kuongezea uzito.

Ishak aliichukua nati moja, akaipima uzito kiganjani, akairudisha.

— Kadi hii ndogo tu, — akasema Nyange polepole. — Wameidanganyisha ijitaje kubwa. Ikijaa, inaandika juu ya vya zamani na kubakisha majina.

— Ulijua? — Masika akamuuliza.

— Nilishuku.

— Tangu siku ya tangazo?

Nyange akaifunika ile diski kwa kiganja.

— Nilitaka umpite, nikajiambia huenda ni ya kweli, — akasema. — Watu wanampelekea yeye simu zao mbovu siku hizi, mie wananipita.

Hatujamaliza hapo, akatokea Bi Kazija, anatoka sokoni na kapu lake. Tukampa shikamoo, akaitikia, akamwendea Masika moja kwa moja. Sote tulikuwa tunajua kwamba Mwanabaraka, mwanawe, alifariki mwaka juzi kwa homa, akaacha mtoto mdogo.

— Masika mwanangu, ile harusi ya Mwanabaraka si uliipiga weye? Ile nakala yetu ya sidii ilishakwaruzika, haionekani kitu. Yumna jana kaniuliza mamaake alikuwa akicheka vipi. Nikajaribu kumwigizia, sikuweza. Ipo kwako?

Masika alikuwa na nati moja mkononi.

— Ipo, Bi Kazija, — akasema. — Nipe siku mbili.

Bi Kazija akamwombea dua, akaenda zake. Masika akakaa. Nilidhani atalia, lakini aliinuka akafuta suruali vumbi.

— Wapi? — akauliza Ishak.

— Kwa Zubeir.

— Kwake? Yakhe, atakucheka mpaka Mkoani wasikie.

— Na acheke.

Nilimfuata, kwa sababu lile tangazo lilikuwa langu. Zubeir alitufungulia mlango, ule wenye rangi mpya. Masika alimweleza yote kwa pumzi moja, macho yapo chini. Zubeir hakucheka. Aliuliza jambo moja.

— Kompyuta umeiwasha tena tangu ufute?

— Sijaiwasha. Nilitaka ipumzike.

— Alhamdulillah. Usiiguse. Ulichokifuta bado kimo, madhali hujaandika kitu juu yake. Ila nahitaji pahala pa kukitolea.

Akaichomoa ile diski ndogo mfukoni, akaitazama kidogo, akaketi kuhamisha harusi zake mwenyewe kwenye kompyuta yake ili ya Masika ipate nafasi. Kisha akenda kuifungua mashine ya Masika, na akakaa nayo siku mbili. Masika alimletea chai na kusimama nyuma ya kiti. Kila harusi iliyorudi Zubeir aliitaja kwa sauti: ya Ndagoni, ya Vitongoji, ya pacha wa Ole. Masika akijibu, naijua, ilinyesha. Naijua, bwana harusi alichelewa. Tisa hazikurudi. Ya Mwanabaraka ilirudi, ila mwanzo wake umeliwa.

Alhamisi baada ya Alasiri tulikuwa sote kijiweni. Zubeir aliweka laptopu juu ya ubao, Bi Kazija akaketi mbele, Yumna kati ya magoti yake. Mwanabaraka akatokea amevaa kijani, michoro ya piko mikononi, shoga yake akamnong'oneza kitu sikioni, naye akaangua kicheko, kichwa nyuma, akijiziba mdomo kwa upande wa mkono asiharibu piko.

— Rejesha hapo, — akasema Bi Kazija.

Zubeir akarejesha. Yumna hakucheka wala hakulia. Alisogea mpaka pua ikagusa kioo.

— Rejesha, — akasema naye.

Sijui ilirejeshwa mara ngapi. Ishak alikuwa ametazama upande wa bandari. Mwishowe Bi Kazija akainuka, akamshika mkono Zubeir, akamshukuru sana, kisha ndipo akamshika Masika. Nilimwona Masika akiliweka hilo moyoni, nani alianza kushikwa. Aliyeipiga harusi ile alikuwa yeye. Hata wakati ule kijicho kilikuwa kinamchoma, na sidhani kama alikificha vya kutosha.

Bi Kazija na mjukuu walipokwenda, Zubeir alifunga laptopu, akaketi nasi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama ntu anayetaka kujua tu.

— Lakini kaka Masika, — akasema, — miezi mitatu mnatafuta diski, na mie naishi nyumba ya nne kutoka hapa. Kwa nini hamkuniuliza?

Masika akamtazama Nyange. Nyange akamtazama Ishak. Ishak, ambaye ana methali ya kila msiba, akakinyoosha kikombe chake kwa Hija. Mimi nikainamia viatu vyangu.

Hija akanyanyuka, akasema kahawa imekwisha, ingawa sote tuliisikia ikicheza ndani ya dele.