Averil Hadley, Mwamuzi wa Mbio za Vikaango

Marehemu Averil Joyce Hadley alizaliwa hapa Lichfield tarehe 3 Machi 1941, mtoto wa kwanza wa Bwana na Bibi Wilfred Orme. Miaka minne baadaye alifuatiwa na mdogo wake wa pekee, Thora, ambaye ndiye anayewasomea haya.

Alimaliza shule mwaka 1957. Kwa kanuni alikuwa king'ang'anizi mpaka kero: siku moja alimrudishia mwalimu daftari kwa sababu amempa alama moja ya ziada. Darasa zima lilimnunia.

Alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na minane, na kila mwezi wa Mei alimshonea gauni msichana aliyechaguliwa kuwa malkia wa gwaride la mji. Tarehe 15 Juni 1963 alifunga ndoa na Clement Hadley, seremala, wakajaliwa binti mmoja, Rosalind. Clement alitangulia mwaka 2011. Siku ya mazishi yake, Thora alikaa kiti cha nyuma kabisa, akaondoka kabla ya chai.

Sababu mnaijua, mji wenyewe huu mdogo. Jumanne ya kuamkia Kwaresima, 24 Februari 1998, Averil alikuwa mwamuzi wa mbio za chapati za maji. Wakimbiaji hubeba chapati kikaangoni na kuirusha juu mara tatu: mwanzoni, katikati, na kwenye kamba ya mwisho. Thora alifika wa kwanza, hana pumzi, aproni imempanda shingoni.

“Hukurusha ya mwisho,” Averil akasema.

“Nimerusha! Au macho umeyasahau nyumbani?”

“Hukurusha, mdogo wangu. Mshindi ni Bibi Pargeter.”

Watu wakaangua kicheko, Meya naye akiwemo. Thora akabwaga kikaango palepale. “Basi tafuta mdogo mwingine!”

Ikapita miaka ishirini na sita. Krismasi waliimba kanisa lilelile, kila mmoja na upande wake. Averil ndiye aliyesalimia. Thora ndiye aliyegeuza uso.

Oktoba iliyopita moyo wa Averil ulianza kuchoka. Tarehe 4 Februari Rosalind alipiga simu: “Mama mdogo, njoo. Anakuulizia kila siku.”

“Aombe radhi kwanza,” Thora akajibu.

Averil alipoambiwa, alicheka hadi akakohoa. “Huyo ndiye Thora! Mwambie nitaomba, akija kunirushia moja hapahapa kitandani.”

Loo, kiburi kibaya. Thora alinunua unga na mayai, lakini akajiambia atakwenda Jumanne ya wiki iliyofuata, siku yenyewe ya mbio, ndipo itanoga. Averil alifariki Ijumaa, tarehe 9 Februari 2024, saa nne asubuhi.

Ameacha binti yake Rosalind, wajukuu wawili, Imogen na Piers, na mdogo mmoja, anayetaka jambo hili lichapwe kwenye karatasi hii na lisomwe na kila mtu: hakurusha. Aliogopa chapati ingeanguka mbele ya watu, na alijua siku ileile kwamba hakurusha.

Uliona sawasawa, dada. Nisamehe. Pumzika.