Jina Kwenye Pipa

Tulipuliza pembe, mvushaji akaja kutuchukua upande wa Breuckelen kutuvusha mto kwenda mjini. Katikati ya mto, Teunis fundi mapipa akachomoa kisu, akaanza kukwangua maneno "Amsterdam Mpya" kwenye pipa la unga. Mwenye pipa, mjane Grietje, akamdaka mkono.

"We bwana, nani kakutuma?"

"Mama, Waingereza wako gatini. Mji sasa unaitwa York Mpya. Kesho tunamwapia mfalme wao."

"Mwapie wewe! Mume wangu kazikwa Amsterdam Mpya. York ndiyo wapi?"

"Kaburi halijahama, mama. Ila unga huu watauzuia, na wewe pamoja nao."

"Siku meli zao zilipokuja hamkufyatua hata risasi moja. Leo ndiyo umepata ushujaa wa kuchomoa kisu, tena kwa pipa langu?"

Teunis akawa mwekundu, lakini kisu hakukirudisha. Nami nikacheka kimoyomoyo: watu wazima wanagombania jina!

Chombo kikagusa gati. Askari wa Kiingereza akawapita wote, akasimama mbele yangu mimi.

"Unakwenda mji gani?"

Grietje akanikazia macho. Teunis naye akanikazia macho.

Nikamjibu kwamba mimi nauza siagi tu.